Saa za Dirishani

Kwa miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya dirisha namba mbili la kampuni ya mabasi, na swali nililoulizwa mara nyingi kuliko jina langu ni moja: "Dada, ni mwendo wa saa ngapi?" Madereva waliniita Dada Ratiba kwa kunitania, jina likaninata, hata mkurugenzi akaanza kulitumia. Sikuchukia. Nilijua umbali wa kila mji tunaokwenda kama wenzangu wanavyojua siku za kuzaliwa za watoto wao. Mimi sina mtoto, kwa hiyo nafasi kichwani ilikuwepo.

Nyuma yangu, ukutani, kuna ubao mweupe. Safu ya kwanza ni mji, ya pili kilomita, ya tatu saa. Mwandiko ni wangu. Mstari wa nne kutoka juu ni mji niliozaliwa: kilomita mia sita arobaini na mbili, saa nane. Kilomita ni za kweli. Zimeandikwa kwenye vibao kando ya barabara na hakuna awezaye kuzibishia. Saa nane ni uongo.

Uongo huo haukuzaliwa siku moja. Mabasi yetu hutumia saa kumi na moja na nusu, na mwanzoni niliandika hivyo hivyo. Kisha kampuni ya dirisha la jirani ikaandika kumi. Abiria wakaanza kunipita bila hata salamu. Mkurugenzi akaja, akafuta kwa kiganja, akaandika tisa na nusu. Jirani wakaandika tisa, sisi nane na nusu, wao nane na robo. Tulipofika nane kamili sote tukachoka, tukaacha. Hakuna basi lililoongeza mwendo hata kidogo. Milima ilibaki palepale, na mizani ya malori palepale. Abiria waliochelewa kwa saa tatu na nusu walimlaumu dereva, tairi, askari wa barabarani na mvua. Mimi hakuna aliyerudi kunilaumu.

Msimamizi wa madereva, mzee tuliyemwita Babu Gia kwa sababu mkono wake wa kushoto bado ulitafuta gia hata akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, alikuwa akipita dirishani kwangu na kucheka. "Hizo ni saa za dirishani," alisema. "Za lami niulize mimi." Na sisi wa stendi tulielewana hivyo. Mfanyakazi akitaka kujua ndugu yake atashuka saa ngapi, aliuliza, "Za lami?" naye akajibiwa kwa haki. Watu wa nje walipewa za dirishani. Ilikuwa desturi ya kazi, kama muuza nguo anavyokuambia haichuji.

Mama aliishi na mdogo wangu, kitindamimba wake, seremala wa milango na vitanda, huko huko nyumbani. Mama alichambua pamba kiwandani miaka ishirini na sita, na vumbi la pamba lilikuwa limemjaa kifuani. Mwaka jana alianza kuchoka kwa kuvaa viatu. Mwaka huu alichoka kwa kuongea. Daktari wa kule akasema mapafu yake yanatakiwa kuonwa na bingwa, na bingwa yuko katika mji huu ninaokaa mimi. Akasema pia kwamba hali yake imetulia na anaweza kusubiri mpaka Ijumaa, ila asisafiri bila oksijeni.

Mdogo wangu alinipigia Jumanne mchana. Mbele yangu kulikuwa na foleni mpaka mlangoni, na mama mmoja mwenye mizigo sita alikuwa akibishana nami kwamba godoro si mzigo. Niliibana simu kati ya sikio na bega.

"Dada, nimekwenda ofisi ya ndege," alisema. "Wanasema ni dakika hamsini na tano tu. Lakini mgonjwa wa oksijeni lazima ajaziwe fomu na daktari, siku tatu kabla, ili waandae mtungi wao. Nikijaza leo, anaruka Ijumaa. Jirani naye kaniambia nichukue gari lake, niendeshe mwenyewe, tuje kesho. Wewe unaonaje?"

"Siku tatu za kusubiri dakika hamsini na tano?" nikasema. Nakumbuka nilicheka. "Huko ndiko kusafiri kwa ndege. Ukihesabu fomu na kupanga mstari, hiyo ndege yao inatambaa."

"Kwa barabara ni saa ngapi?"

"Nane."

Mdomo ulijibu wenyewe. Ningeapa popote kwamba sikukusudia. Ningeulizwa na mfagiaji wa stendi ningesema kumi na moja na nusu, na kwa mgonjwa kumi na mbili. Lakini nilikuwa nimekaa dirishani, kalamu mkononi, foleni mbele yangu, na kwenye kiti kile jibu lilikuwa moja.

"Nane?" mdogo wangu alishangaa. "Mwaka ule nilipokuja kukuona tulikwenda kutwa nzima."

Hapo nilipata nafasi ya kujirekebisha. Badala yake niliona ananibishia kazi yangu mbele za watu. "Hilo lilikuwa basi, linasimama kila penye mti," nikamwambia. "Na nusu ya pili siku hizi ni lami mpya, gari linateleza. Nane, mdogo wangu. Mimi ndiye wa kuuliza."

"Basi sawa," alisema. "Tunakuja kesho."

Jioni ile nilitandika kitanda changu kwa ajili ya mama, nikaweka mito mitatu kwa sababu hawezi kulala chali. Niliosha pazia. Nilikuwa na furaha, na naisema hapa kwa sababu ni kweli.

Jumatano niliingia kazini kama kawaida. Ujumbe wa wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ulikuwa umeingia saa moja na dakika tano asubuhi, nami nikausoma nikiwa nahesabu viti vya basi la asubuhi. Uliandikwa hivi: "Wifi tumeshatoka, mama yuko nyuma na mimi, amelalia mapaja yangu. Muuguzi ametupa mtungi mmoja, amesema utakwenda saa kumi, nane za njia na mbili za akiba. Mama anasema umwandalie maji ya kuoga ya moto." Nilitabasamu kwa ajili ya maji ya moto. Nikaweka simu mfukoni.

Saa nne na nusu akaja kijana wa chuo dirishani. Akauliza mwendo wa saa ngapi hadi mji ule ule. "Nane," nikasema. Babu Gia alikuwa ameegemea ukuta, akamwambia yule kijana, "Mwanangu, beba chakula cha saa kumi na mbili." Kijana akacheka akidhani ni utani wa mzee. Nami nilikuwa tayari nimefungua mdomo nimtanie Babu Gia kama siku zote, mara nikaukumbuka ujumbe wa wifi.

Nane za njia na mbili za akiba.

Nilitoka kwenye kiti. Foleni ikaguna. Nikamshika Babu Gia mkono, nikamvuta nyuma ya ghala la mizigo, nikamweleza. Nilimweleza vibaya, nikianzia katikati, lakini yeye alikuwa mtu wa barabara na alielewa upesi. Hakunilaumu. Aliangalia saa yake.

"Wametoka saa moja. Mtungi unakwisha saa kumi na moja jioni," alisema. "Kwa mwendo wa mgonjwa hawaingii hapa kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Wapigie sasa hivi."

Nikapiga. Simu ya mdogo wangu haikupatikana. Ya wifi nayo haikupatikana. Sote wawili tulijua sababu: kutoka kilomita ya mia moja mpaka mji wa katikati, penye mizani, ni pori tupu na mtandao haukamati.

"Mji wa katikati una hospitali," Babu Gia alisema. "Ina mitungi. Wakisimama pale, wakabadilisha, mambo yamekwisha. Subiri." Akampigia dereva wa basi letu lililotoka huko usiku, ambalo lilikuwa limeharibika njiani, likatengenezwa pale kwenye mizani na sasa lilikuwa likirudi lilikotoka. Akamwambia: ukiingia porini, utapishana na gari dogo la bluu, lina mgonjwa nyuma, lisimamishe, uwaambie waingie hospitali ya mizani wabadilishe mtungi. Dereva akasema hakuna shida.

Saa karibu tatu zilizofuata nilikaa dirishani nikiuza tiketi. Sijui niliuza nini. Najua mtu mmoja alirudi kuniambia nimemwandikia kiti cha dereva.

Baadaye sana ndipo nilipojua kilichotokea porini. Dereva aliliona gari la bluu kwenye mteremko, hakuweza kusimama na basi zima, akaliwashia taa na kulizimia, akawasha tena na tena. Madereva wote wanajua taa zile: kuna askari mbele, punguza. Mdogo wangu naye alijua. Alimpungia mkono wa shukrani, akapunguza mwendo, akaenda polepole kilomita ishirini nzima akimtafuta askari ambaye hakuwepo.

Saa saba na nusu, nilipopiga tena, simu ikaita, na wifi akapokea. Nilisimama ghafla hadi kiti kikaanguka.

"Mko wapi?"

"Tumepita mizani kama nusu saa iliyopita, wifi. Mama yupo. Subiri nikuweke kwenye spika, anataka kukusikia."

Nikasikia pumzi ya mama. Sijui niieleze vipi. Ilikuwa fupi, inakatika, kisha inaanza tena. "Kifunguamimba wangu," alisema. Aliniita hivyo tangu nikiwa mdogo, na mdogo wangu kitindamimba, kana kwamba kati yetu wawili alikuwa amefungua na kufunga mlango. "Maji yangu yamechemka?"

"Yamechemka, mama. Mpe simu huyo dereva wako."

"Nakusikia, dada," mdogo wangu akasema. "Nimechelewa kidogo. Mama hataki nikimbie, mashimo yanamuumiza. Lakini nasubiri hiyo lami yako mpya."

"Sikiliza. Geuza, urudi kwenye mizani. Hospitali ya pale ina mitungi. Badilisheni."

"Nirudi? Kwa nini? Huu unasoma chini ya nusu, lakini bado upo."

Hilo ndilo swali. Nililijua jibu lake lote. Nilitakiwa kusema: kwa sababu nilikudanganya, saa nane hazipo na hazijawahi kuwepo, ni maneno ya kuuzia tiketi. Ni sentensi moja. Na mama alikuwa akisikiliza, mama aliyewaambia majirani wote kwamba binti yake anajua barabara zote kichwani. Foleni yangu ilikuwa inasikiliza. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni na shati lake jeupe.

"Nasikia kuna foleni mbele," nikasema. "Malori."

"Foleni nitaipita pembeni. Bila foleni, kutoka hapa ni saa ngapi? Nimebakiza kilomita mia mbili themanini."

Mama akasema nyuma yake, taratibu, kila neno na pumzi yake, "Muulize yeye. Yeye ndiye anayejua."

"Tatu," nikasema.

Zilikuwa tano.

"Basi mtungi unatosha," mdogo wangu akasema, na nilisikia moyo wake umetulia. "Nikirudi nitapoteza saa nzima kwenda na kurudi. Usihangaike, dada. Tunakuja."

Simu ikakatika. Nilikwenda chooni, nikafunga mlango, nikajinawisha uso, nikajiambia piga tena, sema ukweli, aibu haiui mtu. Yote yalichukua labda dakika nne. Nilipopiga, haikupatikana; walikuwa wameingia milimani, ambako mtandao haukamati. Nilipiga mara thelathini na moja. Simu yenyewe ndiyo iliyohesabu.

Nilimwambia Babu Gia kila kitu, pamoja na ile tatu. Akatoa funguo za gari mfukoni, akasema, "Chukua mtungi tuwafuate." Tukaenda hospitali ya bingwa kwa gari lake. Mtu wa mapokezi akasema mtungi hautoki bila faili la mgonjwa, na mgonjwa hana faili mpaka afike. Nikamwambia ndiyo maana nataka mtungi, ili afike. Akaniambia anaelewa. Tulipelekwa chumba cha pili, cha tatu, tukasubiri mtu mwenye ufunguo amalize kula, tukaandika barua, ikagongwa muhuri mmoja, ukatakiwa na wa pili. Saa kumi kamili tulitoka na mtungi nimeukumbatia kama mtoto. Kutoka nje ya mji tu kulituchukua saa nzima. Babu Gia alipanda kingo za barabara, akatukanwa, akatukana. Mimi nilikuwa nahesabu. Sina kazi nyingine ninayoiweza. Saa kumi na nusu, wako kilomita mia moja na kumi. Saa kumi na moja, wako tisini. Nilijua kila dakika walipokuwa, na nilijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani.

Tuliliona gari la bluu saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini, limeegeshwa pembeni, milango yote iko wazi. Jua lilikuwa bado halijazama. Kibao cha kilomita kilisema sitini na nne. Wifi alikuwa amekaa ndani vilevile, kichwa cha mama mapajani mwake, akimpepea kwa khanga. Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele ya gari, mikono juu ya boneti, kama mtu anayesubiri injini ipoe.

Nilikimbia na ule mtungi. Wifi alinitazama, akatikisa kichwa, akaendelea kupepea. Miguu ya mama ilikuwa na soksi zangu za zamani, za shule, zile nilizomwachia. Bado alikuwa na joto. Nilimvalisha barakoa ya oksijeni hata hivyo, nikafungua mtungi, nikasikiliza hewa inavyotoka, mpaka Babu Gia akaja akaufunga.

"Nilichelewa, dada," mdogo wangu alisema. Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza, na likawa neno lake la siku mbili zilizofuata.

Alimwambia daktari aliyeandika cheti. Aliwaambia majirani zangu waliokuja kutupa pole. Safari ya saa nane, alisema, mimi nimetumia zaidi ya kumi na bado sikuwa nimefika. Usiku ule alichukua karatasi ya daftari, akaandika kila mahali aliposimama: kuweka mafuta, dakika kumi na mbili. Kumfuta mama uso, sita. Kumgeuza, nane. Kwenda polepole kwa ajili ya askari, kumi na tano. Alijumlisha, akapata dakika arobaini na moja, akashangaa saa nyingine zilikwenda wapi. Alianza upya. Nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwake na sikusema kitu. Wifi alimnyang'anya kalamu, akaniambia mimi, "Zungumza naye, wifi. Wewe atakusikiliza."

Alhamisi nilikwenda ofisi ya ndege kuulizia kumrudisha mama nyumbani. Binti wa pale alinipa karatasi moja. Moja tu. Muhuri wa hospitali, saini yangu, uzito wa sanduku. "Ijumaa asubuhi kuna nafasi," akasema. Nikamuuliza na ile fomu ya siku tatu. Akasema hapana, mama, ile ni ya wagonjwa.

Basi mama alisafiri kwa ndege Ijumaa ile ile ambayo angesafiri akiwa hai. Wifi alitangulia kurudi na gari la jirani, Babu Gia akiendesha. Mimi na mdogo wangu tukapanda juu, viti viwili pamoja, yeye dirishani. Hakuwa amewahi kupanda ndege. Alikaa na mkanda umemkaza, ile karatasi yake ya dakika imekunjwa mfukoni mwa shati, ikionekana pembe.

Tulipokuwa tumeshapanda juu ya mawingu aliniambia, bila kunigeukia, "Nikifika nitauza msumeno mkubwa. Sitaki tena kazi ya kupima. Nashindwa hata kupima barabara."

Nilimwona jinsi alivyozeeka kwa siku mbili. Nikajua nikinyamaza hapo atabeba jambo lile hadi kaburini, na mimi nitabaki dada anayejua kila kitu.

"Hukuchelewa," nikasema. "Njia ile ni saa kumi na moja na nusu. Haijawahi kuwa nane. Nane tunaandika ili watu wanunue tiketi. Ulipokuwa umesimama pale, ulikuwa umekimbia kuliko mabasi yetu."

Alinigeukia. Hakuonekana kuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyeelezwa jambo kwa lugha anayoisikia nusu nusu.

"Ulikosea," alisema. Alinisaidia. Alinipa neno la kutokea.

"Jumanne nilijisahau. Jumatano nilikuwa najua."

"Ile simu ya saa saba?"

"Nilikuwa najua."

"Ulisema tatu."

"Zilikuwa tano. Nilijua ni tano."

Mhudumu alipita akatuuliza kama tunakunywa maji. Mdogo wangu akapokea glasi, akasema ahsante, akaishika bila kunywa. Niliutazama mkono ule, mkono wa kupigilia misumari, nikisubiri.

"Simu ilipokatika," alisema, "mama aliniambia nigeuze gari."

Sikuelewa.

"Aliniambia: geuza, twende huko anakosema. Nikamwambia mama, dada kasema mtungi unatosha. Akasema, sauti ile si ya kweli, mimi nimemzaa, namjua akisema uongo. Geuza. Alisema mara mbili, dada, na unajua alivyokuwa akiongea kwa shida. Nikamgombeza. Nikamwambia, mama, mwanao anaijua barabara hii kuliko sisi wote, acha kumwaza vibaya. Nikaendelea mbele. Mama akanyamaza. Hakusema tena neno lolote mpaka mwisho."

Nilitaka kumshika mkono. Aliuondoa kabla sijamgusa, si kwa nguvu, kama unavyoondoa mkono kwenye kitu cha moto. Aliinywa ile glasi yote ya maji kwa mkupuo mmoja. Kisha akafungua mkanda, akanipita magotini bila kunitazama, akaenda kukaa kwenye kiti kitupu safu tatu mbele, akabaki amenipa kisogo mpaka tulipotua.